Mradi wa Ranjana, wiki ya 9: jwajalapa imesimama wima

Jana usiku nimeandika jwajalapa (salamu ya Wanewar wa Nepal) ya kwanza ambayo sikuichana. Nimeibandika ukutani juu ya kitanda na mwenzangu ameipiga picha akaituma kwao kabla hata wino haujakauka.

Kwa anayeingia leo: mi naishi Doha, chumba kimoja na kijana wa Kinewar kutoka Patan, mji wa bonde la Kathmandu ambao wenyewe wanauita Yala. Mradi ni wake, anajifunza Ranjana, hati ya wazee wake, mi nimejiunga maana kalamu ya ncha bapa naijua tangu chuoni Mombasa na nkaona nisikae tu namtazama.

Ukiandika kawaida, herufi zinaning'inia kwenye ufito wa juu kama nguo kwenye kamba, kushoto kwenda kulia, lakini sisi tunafanya kutakshar, yaani silabi unazipanga wima moja chini ya nyingine, jwa, ja, la, pa, mpaka neno zima linakuwa nguzo moja. Kinachosumbua ni ile ya kwanza kabisa, jwa si herufi moja, ni ja iliyoshikana na wa, kwa hiyo hata hujafika silabi ya pili nguzo ishaanza kulalia upande. Nilimaliza kurasa kumi na moja hivyo hivyo. Mwisho nkaikata ncha upya, kutoka milimita 5 nkaishusha mpaka 3, na nkaacha kuinua mkono pale mguu wa herufi unapokatwa mshazari, basi ikasimama.

Sasa nieleze kwa nini kijana wa miaka 24 anatoka shifti ya usiku anakaa chini kuandika herufi badala ya kulala. Yeye Nepal Bhasa, lugha ya Wanewar, haisemi vizuri. Nyumbani walimsemesha Kinepali ili asipate tabu shuleni, na hao wazazi si wa kulaumiwa, wao wenyewe walilelewa kwenye woga. Chini ya watawala wa Rana, mpaka 1951, kuandika kwa lugha hii kulikupeleka jela. Mshairi Chittadhar Hridaya alifungwa miaka mitano kwa ajili ya shairi, na humo humo ndani akatunga kwa siri utenzi mrefu wa maisha ya Buddha. Baadae ikaja siasa ya nchi moja lugha moja, na mwaka 1965 taarifa ya habari ya Nepal Bhasa ikaondolewa redioni. Hata 1999, juzi tu hapa, manispaa ya Kathmandu ilikuwa ishaamua kuitumia ofisini na Mahakama ya Juu ya nchi ikaizuia. Sensa ya 2011 ilihesabu Wanewar milioni 1.3 hivi na wanaoitaja Nepal Bhasa kama lugha ya mama hawafiki laki tisa. Hiyo tofauti hapo, mwenzangu yumo ndani yake, na mi nalala kitanda cha pili.

Kinachonigusa ni kwamba vijana wa rika lake wengi wameingilia mlango wa herufi. Ulimi unaona haya, mtu akikosea anachekwa na shangazi, lakini mkono unaweza kukosea peke yake chumbani hadi upatie. Kuna kikundi cha Callijatra huko Kathmandu kinafundisha watu Ranjana, na wapo wanaoichora kwenye fulana, kwenye vibao vya maduka, wengine wameichanja mwilini. Hati ambayo mtu alikuwa akiiona hekaluni na kwenye magurudumu ya sala tu, akiipita, sasa anaandikia jina lake.

Wiki ya 6 tulikwama kwenye simu. Nlitaka niandike kwa Prachalit, hati yao nyingine iliyo nyepesi zaidi, nkapata viboksi vitupu mstari mzima. Herufi hizo zimeingia Unicode, ule mfumo wa herufi za kompyuta na simu duniani, tangu 2016 kwa jina la Newa, ila simu yangu haikuwa na fonti yake. Tulipoweka Noto Sans Newa viboksi vikafunguka vyote kwa pamoja, na yeye akanyamaza kidogo akiangalia, kisha akaandika jina la bibi yake, akafuta, akaandika tena.

Bibi kwao anaitwa aji. Ijumaa tulimpigia video. Mwenzangu akainua ile karatasi mbele ya kamera, na aji akacheka, akasema herufi hizi hajui kuzisoma, wakati wake hakuna aliyemfundisha. Bibi anaisema lugha haisomi, mjukuu anaiandika haisemi! Basi akamsomea, jwa-ja-la-pa, na aji akamkatiza hapo hapo, akamrekebisha matamshi, akamwambia rudia. Karudia kama mara tano hivi. Halafu aji akamuuliza kama ameshakula wali, na hilo neno la wali, ja, mwenzangu alilidaka bila kusubiri tafsiri, akajibu kwa Nepal Bhasa, sentensi fupi, nzima.

Mi nlibaki namkumbuka nyanya yangu marehemu. Tunalo daftari lake la tenzi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Msahafu nausoma bila tabu, lile daftari nasoma mstari mmoja kwa nusu saa, maana sehemu nyingine hujui kama kaandika b au p mpaka umalize ubeti.

Kazi ya wiki ya 10: alama za irabu, maana ile ya e bado inanigongana na ufito wa juu, na wino mwingine kwa sababu huu unavuja kwenye karatasi ya printa. Mwenzangu ameanza kuandika kadi ya mwaka mpya wa Nepal Sambat, kalenda yao, nhu daya bhintuna, yaani heri ya mwaka mpya, na ameomba iwe na sehemu ya aji kuweka dole gumba. Na nimemwambia mamangu anitumie picha za lile daftari, ukurasa wa kwanza hadi wa nne.