Sanduku la kobe wangu Kabale

Kobe huyu alitotolewa uani kwa mjomba wangu huko Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ni wa aina yenye madoa kama ya chui, na alipofika kwangu alikuwa anaenea kiganjani. Kibali tulikimaliza kwanza: sheria ya wanyamapori ya Uganda ya 2019 hairuhusu kufuga mnyama wa porini kiholela, nami naiunga mkono. Lakini Arua kuna joto. Kwangu Kabale, kusini-magharibi, usiku joto hushuka hadi nyuzi 12, hata chini ya hapo, kwa hiyo ilibidi alale ndani.

Nilianza na tangi la kioo la samaki, nikaliweka dirishani apate jua. Nilikosea. Kobe haelewi kioo. Alisukuma kichwa kutwa nzima akitafuta njia. Tena kioo cha dirisha huzuia miale ya jua inayomwezesha kutengeneza vitamini D, na bila hiyo gamba hulainika.

Seremala akanipigia sanduku la mbao, urefu mita moja na nusu, juu wazi. Upande mmoja nikaning'iniza balbu, chini yake nyuzi 32 hadi 35. Upande wa pili nikauacha, akichoka na joto ajisogeze huko. Kipimajoto nakilaza chini, pale anapokaa yeye.

Unyevu ndio uliochelewa kuniingia akilini. Niliweka udongo mkavu, nikiamini kobe ni wa ukame. Mjomba akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, kobe mdogo hashindi juani. Hujificha kwenye mashina ya nyasi, penye umajimaji." Wakikulia pakavu, gamba huota vinundu visivyoondoka tena. Siku hiyohiyo nilimwaga ule udongo, nikaweka wa bustani usiopigwa dawa, kina cha sentimita 8, ninaounyunyizia maji. Nusu ya chungu kilichovunjika ndiyo pango lake. Asubuhi namloweka dakika 15 kwenye maji ya vuguvugu yasiyofika kidevuni.

Anakula nyasi, majani ya mforsadi na unga wa maganda ya mayai. Jua likiwaka namtoa nje kwenye kizimba cha waya chenye kivuli.

Umeme ukikatika usiku, nafunga chupa mbili za maji moto kwa taulo na kuzilaza kando ya chungu. Jiko la mkaa siliingizi humo kabisa, kwa sababu ya moshi na hewa yake.

Miezi minane sasa, gamba linakua bila nundu. Jana nilimkuta amejichimbia mwenyewe chini ya chungu, amebaki ncha tu ya mgongo.