Kuhara damu kwa vifaranga wangu 50: kumbukumbu kutoka Busia

Siku ya 23
Nilileta kuroiler (aina ya kuku chotara) 50 wa siku moja, leo wako 47. Mpaka jana walikuwa wazima wanakula hadi wanapandana kwenye sahani. Leo asubuhi nafungua banda nakuta watano wamejikunyata pembeni, mabawa yameshuka, manyoya yamefura kama wanasikia baridi na sigiri bado ina moto. Kuangalia chini, kinyesi ni damu, damu kabisa. Jirani akasema hiyo ni minyoo mwanangu, wahi dukani. Nikawahi, nikauziwa dawa ya minyoo na unga wa antibayotiki, nikaweka kwenye maji.

Siku ya 25
Sita wamekufa. Nimebeba mmoja bado ana joto nikampelekea daktari wa mifugo, akampasua mbele yangu kwa wembe. Karibu na mwisho wa utumbo wa kuku kuna vifuko viwili virefu kama vidole, hivi vilikuwa vimevimba vyekundu-vyeusi, alipokata kimoja ikatoka damu iliyoganda. Akaniambia, "Mama, hii si minyoo. Ni koksidiosisi." Yaani kuna kimelea cha seli moja kinaitwa Eimeria, kinaingia ndani ya ukuta wa utumbo, kinazaana humo na kuupasua. Iko aina kadhaa, inayopenda vile vifuko inaitwa tenella, na vifaranga wa wiki tatu mpaka sita ndio inawaumiza zaidi. Dawa ya minyoo haiigusi. Inaniuma kwa sababu zile siku mbili nilikuwa natibu kitu ambacho hakipo na wao wanakwisha.

Dawa aliyoniandikia ni amproliamu ya unga, ya asilimia 20. Gramu 1.2 kwa kila lita ya maji kwa siku 5, halafu gramu 0.3 kwa lita kwa wiki moja hadi mbili. Pakiti yako ikiwa na nguvu tofauti usifuate hesabu yangu, soma ya kwako. Wangu wanamaliza kama lita 5 kwa siku, kwa hiyo ni gramu 6, nikamwomba wa dukani anipimie kwenye mizani yake ndogo anifungie karatasi tano, maana kijiko cha chai kinadanganya. Maji mengine yote nimeondoa, kila asubuhi namwaga yaliyobaki nachanganya mapya.

Siku ya 26
Wawili wamekufa usiku. Wagonjwa hawaendi kwenye maji wenyewe, kwa hiyo nimewatenga kwenye boksi na nawapa yale maji ya dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone moja moja pembeni mwa mdomo, nangoja ameze ndio naongeza, ukiharakisha yanaingia kwenye mapafu.

Kitu kingine, nilikuwa nimechanganya na unga wa vitamini nikidhani nawasaidia. Daktari kwenye simu akasema toa haraka. Amproliamu inafanana na vitamini B1, kimelea kinaichukua kikidhani ni B1 halafu kinakosa nguvu, sasa ukimwaga B1 ya kweli humo humo unakilisha. Vitamini zitakuja baada ya dawa.

Siku ya 28
Wawili tena jana, leo hakuna. Damu imepungua sana.

Leo nimeshughulika na banda, na hapa ndipo nimeona kosa langu lilipokuwa. Mvua za mwezi huu zinapiga kutoka upande wa mlango, chombo cha maji nilikuwa nimekiweka chini kabisa, na vifaranga wa wiki nne walikuwa bado kwenye kile kijieneo nilichowatengenezea wakiwa na siku moja. Nimeshika makapi ya kahawa niliyotandaza sakafuni, karibu na chombo nikayakamua mkononi, yakabaki donge. Yakiwa sawa yanatakiwa kumwagika ukifungua vidole. Kinyesi cha mgonjwa kinatoka na vijiyai vya kimelea, kwenye joto na unyevu kama ule ndani ya siku moja au mbili vinakuwa tayari kuambukiza, wengine wanavidonoa na chakula, na kila kimoja kinazaa maelfu. Kwa hiyo ningewapa dawa mwezi mzima na makapi yale yale, ningekuwa narudia tu.

Nimetoa makapi yote nimeyachoma. Sakafu nimeikwangua, nikamwagia maji yanayochemka, nikaiacha ikauke kabisa. Klorini nilikuwa nayo lakini vile vijiyai vina ganda gumu, haiviui. Chombo cha maji sasa kiko juu ya matofali, usawa wa mgongo wa kifaranga, mlangoni nimepigilia turubai, na eneo nimelipanua mara mbili. Ndala za bandani zinabaki bandani.

Siku ya 31
Nimeingia kwenye dozi ndogo. Wako 37 na wote wanakula.

Siku ya 41
Dawa imekwisha jana, leo wameanza vitamini, A na K zikiwemo. Yule niliyemnywesha kwa bomba siku tatu bado ni mwepesi kuliko wenzake, nimempima ana gramu 390, lakini manyoya yamelala vizuri na akiniona na sahani anakuja mbio. Daktari anasema waliopona wamejenga kinga dhidi ya aina hiyo, ila aina nyingine bado zinaweza kuwapata, kwa hiyo kila jioni nakamua makapi. Jana upande wa mlango yalianza kushikana kidogo. Kesho jua likitoka naanika magunia mawili ya makapi mapya kabla ya kuyaingiza.