Barabara ya sifuri

"Lakini hujajibu, dada." Kaniachia neno hilo yule mtoto wa mama mdogo, anayejifunza kuandika programu za kompyuta, na usingizi umenikataa.

Wiki imekuwa na mambo: shangazi katoka hospitali, kazini tumehamishiwa ghorofa ya juu. Yote yamepita. Ninalolirudia ni hilo.

Alikuwa kaandika orodha ya samaki anaouza baba yake pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga: changu, tasi, kolekole, nguru, dagaa. Kompyuta ikamtolea wote watano, kisha chini ya dagaa ikaandika undefined, yaani hapo hakuna kitu. Akanigeukia: "Huyu ni samaki gani?"

Nikamwonyesha mstari wake, unaowaita samaki mmoja mmoja kwa namba i:

for (let i = 0; i <= samaki.length; i++)

"Unaanza sifuri. Sifuri, moja, mbili, tatu, nne, hao washatimia watano. Ukiweka alama ya sawa unamwita na wa namba tano, naye hayupo. Itoe, ibaki ndogo-kuliko peke yake."

"Kwa nini ianze sifuri? Ngamiani barabara zinaanza ya kwanza. Nani anakaa barabara ya sifuri?"

"Ndivyo ilivyo. Wewe toa."

Akatoa, undefined akatoweka. Ndipo akasema alilosema.

Jibu likanijia ndani ya bajaji, nishaondoka. Ile namba haihesabu samaki, inapima umbali kutoka mwanzo wa orodha. Changu yupo mwanzoni penyewe, hujapiga hatua hata moja kumfikia, ndiyo sifuri yake. Lugha ya kompyuta iitwayo C ilikuwa na mtindo huo tangu miaka ya 1970, na Brendan Eich alipotunga JavaScript, lugha hiyo anayoiandika mtoto, mwaka 1995 akaufuata. Nilijibu kwa ufasaha kabisa, msikilizaji dereva.

Jana karudi, nami nimejipanga. Sikupata hata nafasi. Ukurasa wake umeganda, feni ya laptop inavuma, kumbe kaandika i--, punguza moja, badala ya i++, ongeza moja. Sijavuta kiti, kashajishika kichwa: "Inarudi nyuma! Sifuri, hasi moja, hasi mbili... haifiki tano mpaka kiyama!" Akaufunga ukurasa, akarekebisha mwenyewe. Tulicheka mpaka mama akachungulia dirishani. Habari za sifuri hazikumbuki hata kidogo; mimi jibu ninalo, sina wa kumpa.

Mwenye nyumba naye tangu Ijumaa hapokei simu, na bati la jikoni bado limefunuka. Nikimtumia kodi kamili bila kukata pesa ya fundi, atalitengeneza kweli yule?