Tyubu ya baiskeli na usiku wetu wa Lupanga

Walionicheka nikifungasha begi ndio hao hao walioniomba moto usiku. Naanzia hapo maana hasira bado haijaniisha vizuri.

Mwezi wa nne, mwaka juzi, mdogo wangu na rafiki yake walitaka kupanda Lupanga, kile kilele kinachouchungulia mji wa Morogoro, zaidi ya mita 2,100. Masika yenyewe! Mama akasema hawaendi peke yao, basi nikabebeshwa mimi. Mtu wa kutuongoza hatukumchukua, tulikuwa tunabana hela, na yule rafiki alishapanda akiwa shuleni. Alipanda kiangazi. Hilo hakulisema.

Huyo kijana amesomea maisha ya porini kwenye video za simu. Wiki nzima alitufundisha kupekecha moto. Tukakaa uani, kijiti juu, kigogo chini, yeye anapekecha, akichoka mdogo wangu anapokea, mimi nimeshika majani makavu nangoja cheche. Saa nzima. Kilichotoka ni kamoshi ka udi unaokaribia kuzimika, na malengelenge manne viganjani. Mama akapita na sufuria, akatutazama, akaingia jikoni, akarudi na kiberiti akakiweka chini mbele yetu bila kusema neno. Ni kweli wazee walipekecha, lakini walijua ni mti gani, na ulindi wao ulikuwa mkavu. Sisi tulikata tawi la mpera asubuhi ile ile.

Basi nikajifungashia mwenyewe. Kwa fundi baiskeli niliokota tyubu iliyokwisha, bure, nikaikata vipande vya upana wa kidole. Pamba ya duka la dawa nikaipaka mafuta ya mgando mpaka ikalowa, nikaviringa vidonge, nikavijaza kwenye kikopo. Viberiti vya gesi viwili, kimoja kwenye chupa yenye kifuniko, kingine mfukoni. Nailoni nene ya kupima kwa mita, kamba ya manila, mifuko mikubwa ya taka, filimbi ya refa, kisu, kopo tupu la maziwa ya unga, kanga mbili, na simu yangu ya kitochi ambayo chaji yake hukaa siku nne. Sidhani kama yote yalifika elfu ishirini, na nailoni ndiyo iliyokula nyingi. Karanga na sukari guru sihesabu, vilikuwepo nyumbani.

"Dada anahama," wakasema.

Safari ya kupanda sina cha kusimulia: tope, mizizi, tope. Kileleni ukungu mtupu, mji hatukuuona. Wakati wa kushuka njia ikatupotea, na saa kumi na moja msituni kulishakuwa na kigiza. Bwana video akatoa ushauri: tufuate maji yanakoshukia, yatatufikisha kwa watu. Hapo nilimkatalia kwa sauti ya mama. Vijito vya milima hii ya Uluguru havishuki, vinaanguka. Unafuata kamto taratibu, mara uko juu ya poromoko, mawe yanateleza na giza limeingia. Tukabaki pale pale.

Kamba tuliifunga kati ya miti miwili, nailoni juu yake. Mfuko wa taka ukiutoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono ni koti la mvua. Mingine tuliijaza majani tukaikalia, maana ardhi yenye maji inakunyonya joto usiku kucha. Kanga moja nilijifunga kifuani ikiwa kavu. Ikishalowa ivue, usiionee huruma.

Sasa moto. Kuni zote za chini zilikuwa zinachuruzika. Nilitafuta tawi lililokufa lakini bado limening'inia mtini, nikaliweka kisu na kukigonga mgongoni kwa gogo mpaka likapasuka. Ndani kukavu! Nikachonga vibanzi vyembamba kama nywele. Kidonge kimoja cha pamba kikawaka dakika kadhaa, cha pili kikawaka, kuni zikawa zinalia tu chwii bila kushika. Kijana akaanza kuulizia petroli, kama vile tuko kituoni Msamvu, kule mjini. Nikatoa tyubu. Vipande vitatu, nikavipanga chini ya vijiti. Jamani, tyubu ikishashika, matone ya mvua yanaitania tu. Inawaka huku inadondosha moto, moshi mweusi tii, msitu mzima ukanuka gereji. Tulikaa upande ambao moshi hauji, na maji sikuyainjika mpaka mpira ulipokwisha na kuni zikawaka zenyewe. Niliyachuja kwa kanga ya pili, nikayachemsha kwenye lile kopo. Chai ya sukari guru bila majani, na hakuna aliyelalamika.

Mtandao haukuwepo pale. Nilipanda kidogo kwenye mgongo wa mlima, mnara mmoja ukashika, nikamwandikia mama kwamba tuko wazima na hatutembei usiku. Njia tuliyopitia alikuwa anaijua tangu asubuhi, nilimwambia kabla hatujaondoka.

Kulipopambazuka nikapiga filimbi mara tatu, nikanyamaza, nikapiga tena. Mtu akaitikia kwa karibu mno, mpaka nikaona aibu. Tulikuwa tumelala kama dakika kumi kutoka kwenye migomba yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani anachoma mpira?"

Nikaanza kumweleza ujanja wangu, kifua mbele, huku namwagia jivu maji mpaka lipoe. Babu akanisikiliza kwa adabu.

"Mjukuu wangu, huku masika kila jiko linawashiwa tyubu." Akazitazama ndala za yule kijana zilizoning'inia kwenye begi. "Hata hizo zinawaka."

Kijana akazishusha, akazificha ndani ya begi.