Boksi la mabaki

Boksi la mabaki ya karatasi likiachwa wazi konani mwa darasa, haichukui muda linageuka jalala. Watoto huchakura humo, wakaibuka na kipande kikubwa kuliko vyote, wakakata duara katikati yake kabisa, kisha kilichobaki kikarudi ndani kikiwa na tundu. Jioni ya leo nawaza kwamba kukusanya si kazi. Kazi ni kupanga, na ipo siri ndogo ya kukata: duara lianzie pembeni. Duara la sentimita 8 likikatwa kwenye pembe ya A4, bado unabaki na mraba mzima wa sentimita 21. Likikatwa katikati, unabaki na fremu isiyo na kazi.

Wengi hupanga kwa rangi. Naona ni kosa, kwa sababu rangi mtoto anaiona mwenyewe. Asichokiona ni tabia ya karatasi: hii inanyonya maji, kwenye ile gundi inateleza, nyingine inakataa kukunjika. Trei nne zinatosha: manila, karatasi za printa zilizotumika upande mmoja, magazeti, na kurasa za majarida zinazong'aa. Vipande vidogo kuliko kiganja cha mtoto viende kwenye bahasha ya mozaiki. Risiti za mashine zisiingie popote. Zimepakwa kemikali za kuleta weusi zikipata joto, na vidole vya watoto havina haja nazo.

Kabla ya kuchana vipande virefu, chana gazeti kidogo kwa upande mmoja, halafu kwa mwingine. Upande mmoja linafuata mstari, mwingine linakwenda mshazari na kupinda litakavyo. Ndivyo nyuzi zilivyolala tangu kiwandani. Manila nayo ipinde taratibu bila kuikunja: inakolegea ndiko kwa kukunjia, la sivyo mkunjo utachanikachanika mgongoni.

Kwa vinyago na bakuli za karatasi, gundi ya unga inatosha. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, endelea kukoroga dakika 2 au 3 hadi iwe kama uji mwepesi. Kijiko kimoja cha chumvi huchelewesha ukungu, hakiuzuii. Vipande viwe na upana wa sentimita 2 hadi 3, na vichanwe kwa mkono. Ukingo wa mkasi huacha ngazi inayoonekana hata chini ya rangi, ilhali ukingo uliochanwa ni mwembamba na hujilaza juu ya mwenzake.

Tabaka la kwanza liwe gazeti, la pili karatasi nyeupe, la tatu gazeti tena. Hapo mtoto anaona mwenyewe alipopasahau, na mwalimu anapumzika kusema. Kila kipande kikamuliwe kati ya vidole viwili kabla ya kubandikwa. Kosa kubwa ni kuyamaliza matabaka yote siku moja: nje panakauka, ndani panabaki maji, na siku chache baadaye kinyago kinanuka uchachu. Mawili leo, mengine yakishakauka haya. Kama umebandika karatasi juu ya puto ili kupata umbo, puto hilo lililo ndani nalo lisianikwe juani. Hewa yake hutanuka, karatasi ikapasuka. Usiku ukiwa wa baridi, puto husinyaa na kuacha tabaka la kwanza likining'inia.

Kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, inayojikunja kama ganda ina sababu moja: karatasi ilikunywa maji ya gundi upande mmoja, ikavimba, kisha ikasinyaa ilipokauka. Bandika karatasi ya aina ileile nyuma yake, kisha ilaze chini ya vitabu. Kurasa zinazong'aa hazinywi maji, kwa hiyo gundi ya unga hubanduka. Kwazo tumia gundi ya kijiti.

Mwisho wa mabaki ni rojo, yaani karatasi iliyolowekwa na kusagwa ili itoe karatasi mpya. A4 moja ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, hivyo karatasi 20 ni gramu 100. Toa pini na selotepu, chana vipande vya ukubwa wa stempu, loweka usiku kucha. Kwenye blenda weka konzi moja tu na maji mengi, maana rojo zito huunguza mota. Mimina rojo kwenye beseni la maji, kisha chota kwa fremu yenye wavu wa dirisha. Karatasi nene ya ukubwa wa A5 hula gramu 5 hivi, na nyingine hupotelea kwenye maji. Magazeti matupu hutoa kitu cha kijivu na dhaifu, kwa kuwa nyuzi zake ni fupi. Changanya nusu kwa nusu na karatasi za printa.

Maji ya beseni yasimwagwe kwenye sinki, rojo litaziba bomba. Chuja kwa kitambaa, kamua, finyanga mipira na uianike. Ikikauka kabisa hukaa kwenye mfuko hadi muhula ujao, na ikilowekwa usiku mmoja inakuwa rojo tena.