Mbwa wa Kitaliano katika nyumba ya mahamri

Mtungi wa gesi ulipoibwa mara ya pili, niliapa. Mara ya kwanza mwizi aliruka ukuta wa uani usiku wa mvua, akaondoka na mtungi, karai na hata upawa wangu wa kuepulia. Nikakopa, nikanunua mwingine. Hazikupita wiki sita akarudi, na mimi nasema ni yule yule, maana safari hii hakuangusha hata sufuria. Mimi naishi kwa mahamri. Mtungi ukienda, karo ya watoto imekwenda.

Nikampigia mjomba wangu aliye Ganda, nje kidogo ya mji wetu wa Malindi. Mbwa wake anayelinda maembe alikuwa amezaa watoto sita, na tumbili wa kule, wabaya kama walivyo, hawahitaji walinzi saba. Mjomba akakubali, ila nisubiri watimize wiki nane. Nikaona ananizungusha. Kumbe mtoto wa mbwa hufunzwa kung'ata na ndugu zake: akibana sana, mwenzake hulia na kuacha mchezo, naye hujua hapo amezidisha. Anayetolewa mapema huja kwako na meno asiyoujua ukali wake.

Kumwambia mama ilikuwa kazi nyingine. Nilimvizia akichambua mbaazi.

"Mama, nataka kuleta mbwa."

"Wa nani?"

"Wetu."

"Nyumba hii inasaliwa, mwanangu."

"Atakaa uani."

"Na malaika, wasioingia penye mbwa?"

"Watapita mlango wa mbele, mama."

Hakucheka. Lakini jioni alijitanda buibui akaenda kwa ustadhi wa madrasa. Akarudi na jibu refu: mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametajwa kuwa wana ruhusa, na wa kulinda nyumba wanazuoni wengi wamemtia humo humo. Tatizo ni udenda. Akigusa nguo kwa mdomo uliolowa, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Akikupitia mkavu nawe mkavu, hapana neno. Mama akaongeza sheria zake mwenyewe: asivuke kizingiti, asirambe mtu, asisogelee unga. Siku atakaposogelea unga, atarudi Ganda kwa miguu.

Naanza na habari hii kwa sababu nimetazama video nyingi mno za kulea mbwa, na karibu zote zinamfunza mbwa kukubali kupapaswa na kila mtu, kutoa mkono, kulala kitandani. Mimi wateja wangu ni majirani wa mtaa wetu wa Barani, watu wa udhu mara tano kwa siku. Mbwa mwenye adabu kwangu ni yule ambaye unaingia uani, unanunua mahamri kumi, unatoka, na hakukugusa hata kwa mkia. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo, na video yake sikuipata.

Siku ya kwanza tu alikula simu za jirani zilizoanikwa kwenye ungo. Si simu za kupigia, wale samaki wadogo. Mtoto wangu wa mwisho akaingia mbio akipiga kelele, "Mama, simu imeliwa!" na jina likakaa. Tunamwita Simu. Nikimwita njiani, wanaume watatu wanapapasa mifuko.

Usiku wa kwanza alilia hadi mama akasema ni heri mwizi. Nilimpelekea chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kitambaa nilichompa mjomba alaze watoto juu yake siku mbili kabla. Harufu ya mama yake ilikuwamo. Akanyamaza. Hilo la kitambaa ni wazo langu na ninajivunia.

Sasa haja. Mtoto wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa tatu hivi, na hata hizo ni akiwa amelala. Ukimtoa akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, na ukimpeleka pale pale kila mara, wiki chache huweza kutosha. Mimi ilinichukua saba, na makosa ni yangu. Huamka saa tisa na nusu usiku kuchoma mahamri, kwa hiyo saa za usiku hazikunishinda. Lililonishinda ni hasira. Asubuhi moja nilikanyaga mkojo karibu na jiko, nikamtafuta, nikamkuta amelala chini ya mwarobaini, nikamchapa ufagio wa makuti. Yeye alikuwa amekojoa nusu saa nyuma. Alichokielewa ni kwamba mama wa mahamri ana wazimu. Tangu siku hiyo akawa hakojoi mbele yangu. Anajificha nyuma ya pipa la maji, mahali ambapo siwezi kumsifu wala kumkataza. Kufuta kipigo kimoja kulinigharimu mwezi mzima.

Mbwa huunganisha jambo na kilichofuata papo hapo, sekunde moja au mbili. Zikipita, umemlipa kwa jambo lingine kabisa. Basi nikashona kijifuko kiunoni, ndani nikatia simu waliokauka, waliovunjwa vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi. Amekojoa pale pale, kipande. Ametazama uso wangu badala ya kuku wa jirani, kipande. Watoto walisema nanuka kama soko la samaki, na ni kweli.

Chanjo sikuchezea. Daktari wa mifugo alimdunga ya kwanza akiwa na wiki nane, akarudia kila baada ya wiki tatu au nne hadi kama miezi minne, na ya kichaa cha mbwa alipotimiza miezi mitatu, hiyo hurudiwa. Aliniambia Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kumaliza kichaa cha mbwa kufikia 2030, na kwamba ugonjwa hukatika penye mbwa wasiopungua asilimia 70 waliochanjwa. Nikahesabu mbwa ninaowajua mtaani na waliochanjwa. Sitaandika hesabu hiyo. Ila mkiumwa, hata na mbwa mnayemjua, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, siku hiyo hiyo. Msitie pilipili wala mafuta ya taa.

Hapo kuna mtego. Kabla chanjo hazijakamilika hutakiwi kumweka chini penye mbwa wengine, na wakati huo huo, tangu wiki ya tatu hadi kama ya 14, ndipo anapojifunza dunia ina nini. Asichokiona wakati huo huweza kukiogopa maisha. Nikamtia kwenye kikapu cha ukili. Tukaenda naye sokoni, tukapanda tuktuk, tukasimama karibu na fundi wa kuchomelea vyuma. Wanawake walichungulia wakidhani nina kuku. Mmoja aliuliza bei.

Kilichomtisha si vyuma. Ni adhana. Spika ya msikiti wetu inaelekea uani kwangu, na adhana ya alfajiri ilipoanza, Simu aliinua shingo akaitikia. Wazee husema mbwa akilia usiku ameona kitu. Jirani mmoja alianza kunitazama vibaya, na mama akawa anasoma Ayatul Kursiy juu ya mahamri. Nikafanya hivi: herufi ya kwanza tu ya adhana, bakuli la chakula linashuka. Mdomo uliojaa haulii. Siku kumi hivi, akawa adhana ikianza anatazama jikoni.

Upande wa maneno ndiko nilikochekwa. Nilimfunza "kaa", "njoo" na "acha", Kiswahili safi. Nikasahau kwamba nyumba yangu ina wageni. Mteja akija, mama kutoka dirishani: "Karibu, kaa, mwanangu, kaa." Simu anakaa. Naambia watoto "acha kugombana", Simu anaangusha mfupa wake na kunitazama kwa uchungu. Maneno yalikuwa yanamwagwa bure siku nzima hadi yakapoteza uzito, akawa hatii hata moja.

Jirani yangu ni askari wa nyumba ya Mtaliano kule Casuarina. Akaniambia, "Dada, mbwa wetu kule wote wanajua Kitaliano. Hakuna anayewachanganya." Hapa Malindi Kitaliano si ajabu, hata wauza vinyago wa ufukweni wanakimwaga. Akaniandikia kwenye kipande cha katoni: seduto, akae. Vieni, aje. Lascia, aache. A cuccia, aende mahali pake. Hilo la mwisho hutamkwa karibu na "a kucha".

Mahali pake ni gunia la katani chini ya mwarobaini, hatua tisa kutoka jikoni. Nilianza kwa kumrushia kipande juu ya gunia, akilikanyaga nasema neno. Halafu neno kwanza, kipande baadaye. Halafu akae humo nikihesabu tano, kumi, nikienda na kurudi. Upumbavu ni kuruka hatua. Nami niliziruka, nikalipia.

Ilikuwa Ijumaa, ana miezi minne na nusu. Umri huo meno ya utotoni, 28 yote, yanang'oka yapishe 42 ya ukubwani, na ufizi unawasha hadi atafune jiwe. Ndala mbili za mama zilikuwa zimekwenda. Nilikuwa nampa kitambaa cha leso kuukuu nilichokifunga fundo na kukigandisha kwenye friji ya jirani, kinasaidia, lakini asubuhi hiyo nilikisahau. Nimemwagizia gunia, nimegeuka kuhesabu mahamri thelathini ya mteja wangu mkubwa, mama mtu mzima, amevaa buibui jipya linaloburura chini kidogo. Sikusikia mguno wala mbweko. Nilipogeuka Simu ameushika upindo wa buibui kwa meno ya mbele, taratibu kabisa, macho amefumba, anautafuna kama mtu anayenyonya ndimu. Mama wa watu amesimama kama nguzo.

"Huyu mbwa amenishika?"

"Amekushika, mama. Nisamehe."

Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Nilisema "lascia" kwa sauti isiyotoka. Akaachia. Kwenye upindo palibaki duara la udenda na kitu cheupe kidogo kama punje ya mchele: jino lake.

Nilimwazima buibui langu, lake nikaliosha mwenyewe. Mara moja kwa udongo niliouchimba pembeni mwa ukuta, mara sita kwa maji, mama yangu akiwa juu ya kichwa changu akihesabu kwa sauti. Nililipeleka limepigwa pasi pamoja na mahamri thelathini ya bure. Wiki mbili hakuja. Wiki ya tatu alimtuma mjukuu. Sasa huja mwenyewe, anasimama mlangoni na kuuliza, "Yuko kwenye gunia?"

Kutoka siku hiyo saa za wateja Simu akawa na kamba, na tukarudi mwanzo kabisa, hesabu ya tano. Niliwalipa watoto wa jirani hamri moja moja wapite mbele yake wamejitanda shuka zinazoburura. Akitazama shuka na kubaki juu ya gunia, kipande. Akiinuka, hakuna kelele, shuka inaondoka na kipande kinaondoka. Tulifanya hivyo jioni kwa jioni miezi miwili. Alipofika miezi saba akapoteza masikio, kama vijana wote. Nikarudisha kamba bila maneno mengi, na kwenye miezi tisa akili ikarudi.

Sasa ana mwaka na miezi miwili. Kizingiti havuki, hata mlango ukiwa wazi na mchuzi wa samaki ukiwa mezani. Huweka miguu ya mbele sawasawa na ukingo wa saruji na kutoa macho. Kunguru bado anawafukuza, hilo nimeshindwa. Mtungi wangu upo. Usiku mmoja mwezi wa Machi alibweka mara nne, nikasikia kitu kizito kikianguka upande wa pili wa ukuta na miguu ikikimbia. Asubuhi tulikuta kandambili moja ya kiume. Nimempa Simu aitafune.

Mama na yeye hawasemezani, au ndivyo mama asemavyo. Lakini akitoka alfajiri kwenda bombani kutawadha, bomba ambalo liko karibu na njia anayopenda kulala Simu, husimama kwanza, akatazama juu ya mwarobaini na kusema peke yake, kwa sauti, "Haya. Kumekucha." Simu husikia silabi mbili za mwisho. Hunyanyuka, akajinyoosha, akaenda kwenye gunia lake. Mama hupita, na nikihesabu mahamri ya kwanza kutoka karaini, hukuta moja limepungua.