Kunuka na kunukia

Asubuhi nimesoma kichwa cha habari za michezo kwamba timu fulani "yanukia ubingwa". Nikapita, kisha neno likanirudia nikiwa naoga. Timu inanukiaje ubingwa? Kombe halina harufu, wala hakuna pua iliyohusika, na bado kila msomaji ameelewa kuwa umebaki mchezo mmoja au miwili.

Kutwa nzima nimekuwa nikilizungusha neno hili. Kamusi zinatosheka kusema kwamba kunuka ni kutoa harufu mbaya na kunukia ni kutoa harufu nzuri. Sawa. Lakini kinachoyatenganisha ni irabu moja tu, ile ile tunayoibandika kwenye vitenzi vingine bila kuvipamba hata kidogo. Pika, pikia. Lima, limia. Fa, fia, na sijaona aliyefia mahali akawa amepata nafuu kuliko aliyekufa tu. Walimu wa sarufi wanaiita kauli ya kutendea, na kazi yake ni kulielekeza tendo: kwa nani, wapi, kwa ajili gani. Uzuri haumo katika orodha hiyo.

Nilipofika kwenye hama na hamia ndipo nilipoona mwanga. Anayehama anaondoka, anayehamia anafika. Naamini kunukia kuna ufikaji wa namna hiyo. Kitu kinachonuka kinanuka tu, kimejikalia pale pale, anayepita na apite. Kinachonukia kinamnukia mtu, kinamfuata hadi alipo kabla hajakiona. Kahawa inaninukia nikiwa bado kitandani. Kwa hiyo kichwa cha habari cha asubuhi hakikupotoka: ubingwa haujafika, ila harufu yake imetangulia.

Wala si sisi peke yetu. Wasemaji wa Kichewa wana kununkha kwa uvundo na kununkhira kwa harufu ya kupendeza, mchezo ule ule kwa kiambishi chao cha kutendea. Wanyarwanda nao kunuka kwao ni kubaya kama kwetu, lakini kwenye uzuri wanachukua kitenzi kingine kabisa, guhumura. Basi njia hii haikuwa ya lazima, na nafurahi kwamba Kiswahili kimeifuata.

Halafu kuna manukato, neno linalonichekesha. Limetoka kwa nuka moja kwa moja, irabu ya kupendeza haimo, na bado ndilo jina la vitu tunavyojipaka ili watu watusogelee. Nashuku zamani nuka haikuwa tusi, na manukato yalizaliwa kabla mzazi hajaharibika jina. Leo mwambie mtu ananuka uone.

Harufu nayo inadai kutokuwa na upande, na si kweli. Harufu nzuri, harufu mbaya, ndiyo, vyote vinasemwa. Lakini ukiiacha peke yake, "chumba kina harufu", hakuna atakayedhani kuna maua. Ukimya unahesabiwa kuwa ubaya. Na ubaya umejaliwa majina: uvundo, shombo ya samaki, kikwapa, kutuzi. Uzuri hauna utajiri huo. Tunataja kitu chenyewe, ua au udi, kisha tunasema kinanukia. Labda harufu mbaya inahitaji kutambuliwa upesi, ijulikane inatoka wapi na nani akaoge.

(Jambo jingine la kando: harufu tunaisikia. "Nasikia harufu ya moshi." Kunusa ni kazi ya makusudi, ya kuinamisha pua juu ya kitu, harufu inayokuja yenyewe inasikika, kama sauti. Nalipenda hili kuliko yote niliyoyaandika hapa, ila sina la kuliongezea.)

Siku hizi nasikia pia "unanuka vizuri". Naelewa inakotoka: kama harufu ni nzuri, ongeza vizuri, mambo yakae sawa. Sikio langu linakataa. Ni sawa na kumsifu mtu kwa kuanza na tusi kisha kulifuta katikati ya sentensi, wakati kitenzi chenye sifa ndani yake kipo tayari. "Unanukia" inajitosheleza, haihitaji vizuri wala sana.

Linalonisumbua bado ni kwamba magazeti hayo hayo huandika "vita vyanukia". Hapo uzuri uko wapi? Haupo, na sidhani mwandishi amekosea. Amechukua ule ufikaji akauacha utamu, jambo linalonitia moyo kwamba dhana yangu ya hama na hamia ina mashiko. Vita ikishafika, mtaani hatutumii tena kitenzi hicho. Tunarudi kwa kile kifupi, tunakipachika ki- ambayo hakuna anayeuliza ni kitu gani, na tunapiga kelele: kimenuka! Sijawahi kumsikia mtu akikimbia huku akisema kimenukia.